Nzigire Alipoitwa Mara Mbili

Kama si yule Mwitaliano na orodha yake, Mama Bonheur angekwenda Italia akarudi Louisville, Amerika, na rozari zake na chupa ya maji ya baraka, akaendelea kumlaani mtu asiyemjua. Lakini Mungu naye ana mambo yake. Mtu mwenyewe alikuwa amekaa viti viwili mbele yake, ndani ya basi moja, amevaa kitenge kilekile cha sare.

Walikuwa mahujaji ishirini na sita. Louisville ilitoa tisa, Buffalo saba, na waliobaki walikuwa wa Columbus, kwa Bwana Zihindula, mwenyekiti wa hija, mtu wa Gahanna, pembeni mwa Columbus, mwenye suti tatu na sauti ya kuamrisha hata ndege. Ndiye aliyepanga kila kitu: Venezia, Padova, Assisi, Orvieto, Roma, siku tisa, na kiongozi wa hukohuko wa kuwaonyesha miji. Ndiye aliyechagua kitenge, cha buluu chenye njiwa, akatangaza kwamba asiyekivaa hapandi basi. Watu wa Louisville na wa Buffalo walikuja kwa magari mpaka nyumbani kwake, jirani na uwanja wa ndege, wakala fufu na sombe, wakasali, wakaondoka pamoja. Pale sebuleni kila mtu alijitambulisha kama tunavyojitambulisha siku zote: Mama Jolie, Baba Salvatori, Mama Irakoze, Mama Bonheur. Nani anamuuliza mama mtu mzima jina lake? Unamjua kwa mtoto wake, basi, yatosha.

Adriano hakuyajua hayo. Adriano alikuwa kijana wa Padova mwenye kijibendera cha njano mkononi, na yeye alikuwa na orodha iliyotolewa kwenye hati za kusafiria. Walipoketi tu ndani ya basi Venezia, macho mekundu kwa kukosa usingizi, alisimama mbele akaanza kuita, ulimi ukimteleza kwenye kila jina.

"Nzi… Nzigire Balagizi?"

"Niko!" Mama Bonheur aliruka kutoka kitini kabla hajafikiri.

"Nipo," alisema Mama Irakoze wa Buffalo, mkono juu.

Basi zima likaangua kicheko. Zihindula akachungulia orodha juu ya bega la Adriano.

"Mama Bonheur, usingizi ya ndege hiyo! Weye ni Sandrine. Sandrine Balagizi, uko hapa chini. Kaa, mama. Na tazama, ba Balagizi mbili! Ndiyo sababu banawaweka chumba moja. Bon, tuendelee."

Mama Bonheur akakaa. Wenzake walikuwa bado wanacheka, naye alikuwa anamkazia macho kisogoni yule mwanamke wa Buffalo.

Maana huyu mama jina lake ni Nzigire. Aliitwa hivyo na babake, Balagizi, kule Walungu, Kongo, na akabatizwa hivyo, na akakimbia vita akavuka ziwa hivyo. Kambini Tanzania alikaa miaka kumi na moja akingoja, mpaka siku moja jina lake likabandikwa ubaoni: Nzigire Balagizi na watoto wanne, Amerika. Akahojiwa mara tatu. Akapimwa mapafu. Akagawa masufuria yake kwa majirani. Asubuhi ya basi alifika na mafurushi yake, watoto wameoga wanang'aa, na karani akafungua daftari akamwambia, bila hata kuinua uso, "Nzigire Balagizi ameondoka wiki iliyopita. Wewe ni nani?"

Hebu fikiri. Unaulizwa wewe ni nani na mtu anayejua fika wewe ni nani, kwa sababu ndiye aliyebadilisha picha kwenye faili. Alilia, alipiga kelele, alilala mlangoni pa ile ofisi siku nne. Wakamwambia akiendelea watamwandika tapeli. Mwisho wake watu wenye kujua mambo ya kambi walimshauri: mdogo wako Sandrine, yule aliyekufa, kadi yake ya chakula si unayo? Ingia nayo. Akaingia. Jina la marehemu lilichukua miaka tisa kufika ubaoni.

Lakini Sandrine hakuwahi kuzaa. Kwa karatasi, watoto wa Mama Bonheur wakawa wapwa zake, yatima anaowalea. Watatu wadogo walikuja naye. Bonheur, kifungua mimba, alikuwa amefika miaka ishirini na saba, ana mke, akaachwa. Mpaka leo yuko kambini. Mama yake anafungasha maboksi ghalani Jeffersontown, amesimama saa kumi kwa siku, na mwanasheria wa Louisville amemwambia mara mbili, taratibu, kama anayezungumza na kiziwi: mama akiwa raia anaweza kumwombea mwanawe aje. Mama mdogo hawezi. Na uraia wenyewe hajauomba. Ataapaje mbele ya jaji, mkono juu, kwamba yeye ni Sandrine?

Watu wote wanamwita Mama Bonheur. Serikali ndiyo isiyomjua kuwa mama wa Bonheur.

Siku za mwizi ni arobaini, wanasema. Hizi zilichukua miaka kumi na tano, na zikaishia katika chumba cha hoteli Padova, saa tisa mchana, vitanda viwili vyembamba na dirisha linalotazama maegesho ya pikipiki. Mama Irakoze alikuwa anakunja kitenge chake vizuri, mwanamke mfupi, mpole, mwenye Kiswahili safi cha Kigoma. Mama Bonheur alifunga mlango akauegemea.

"Asinge," alimwamkia kwa Kimashi, lugha ya watu wa Walungu.

Mama Irakoze akatabasamu kama mtu aliyeulizwa njia asiyoijua. "Samahani, dada?"

"Binti ya Balagizi hajui hata salamu ya kwabo. Babako ni nani, mama?"

Uso wa yule mwanamke ulibadilika. Kisha akafanya jambo ambalo Mama Bonheur hakulitarajia. Alinyoosha mikono, akatazama ukuta, akaanza kusema, neno kwa neno, kama mtoto wa katekisimu. Baba yangu ni Balagizi, mkulima wa Walungu. Mama yangu alifariki nikiwa na miaka saba. Nyumba yetu ilichomwa siku ya Jumanne, wakati wa mavuno ya maharage. Mume wangu alikuwa shambani. Mbuzi wetu wawili waliungua ndani, nami niliwasikia.

Jamani! Maneno hayo Mama Bonheur aliyasema mara tatu tu maishani mwake, mbele ya meza ya mahojiano, akilia. Hata watoto wake hakuwahi kuwaambia habari za mbuzi. Na sasa yalikuwa yanatoka mdomo wa mtu mwingine, yamekaririwa, hayana chozi hata moja.

"Hiyo mbuzi," aliuliza, "ilikuwa na rangi gani?"

Mama Irakoze akageukia dirisha.

"Faili haikusema, eh? Moja ilikuwa nyeusi. Ingine ilikuwa na mguu mubovu, haikuweza kukimbia. Minajua, sababu ilikuwa mbuzi zangu! Ni miye Nzigire! Weye ni nani, we mwizi? Nani?"

Mama Irakoze aliketi kitandani polepole. "Naitwa Spés," alisema. "Mimi ni Mrundi. Karani aliniambia mwenye jina amekufa. Aliniambia kipindupindu kiliwamaliza, mama na watoto wote. Nilikuwa na wanne, mume wangu ameuawa, nikatoa mabati ya nyumba na kila nilichokuwa nacho. Sikujua, dada. Haki ya Mungu sikujua. Kila Novemba ninakuombea misa ya marehemu kule Buffalo."

"Unasema?"

"Misa. Ya kupumzisha roho yako."

Mama Bonheur alicheka, na kicheko hicho hakikuwa kizuri kusikia. Miaka kumi na tano anahangaika na jina la marehemu, leo anabeba maboksi na magoti mabovu, na huko Buffalo padre anamwombea apumzike kwa amani! Alikamata sanduku la Spés, akafungua mlango, akalitupa koridoni mpaka likagonga ukuta wa upande wa pili. Kitenge kikafuata. Viatu vikafuata. Watu wa Louisville wakatoa vichwa milangoni, na Zihindula akaja mbio, tai imemkaa upande.

"Nini hapa? Munatutia haya mbele ya bazungu!"

Wanawake wawili walitazamana. Neno moja tu lingetosha. Lakini neno hilo lingezaa neno la pili: na wewe, mama, Sandrine ni nani? Aliyeiba ana karatasi za uongo, na aliyeibiwa pia ana karatasi za uongo. Nani atasimama kumshitaki nani?

"Panya," alisema Spés. "Tumeona panya."

Zihindula akaenda kuwafokea watu wa mapokezi.

Kesho yake walipelekwa kwenye kaburi la Mtakatifu Antoni. Watu walipanga foleni ndefu, kila mmoja akipita anaweka kiganja juu ya jiwe na kuacha karatasi yenye ombi. Adriano alieleza kupitia vile vidude vya masikioni kwamba huyu ni mtakatifu wa vitu vilivyopotea. Mama Bonheur aling'oa chake sikioni. Vitu vilivyopotea! Chake hakikupotea hata siku moja. Kiliibiwa, na aliyekiiba alikuwa mbele yake kwenye foleni, anaandika kwa mwandiko wa kinyenyekevu.

"Uandike jina yako," alimnong'oneza shingoni. "Ile ya kweli. Usimudanganye na mutakatifu."

Kalamu ya Spés ilisimama muda mrefu. Kisha akaandika herufi nne, akaikunja karatasi haraka. Mama Bonheur hakumwonea huruma. Alipoweka kiganja chake juu ya jiwe hakuomba chochote, alisema tu moyoni, Umeona. Usijifanye hukuona.

Basi wakaendelea kuzunguka, miji mizuri ya mawe na makengele, na Mama Bonheur hakuona mji. Ukimuuliza leo Orvieto iko namna gani atakwambia ni ngazi. Kila asubuhi Adriano aliita orodha yake. Kila asubuhi ilisemwa "Nzigire Balagizi?" na sauti ile ya Kigoma ikajibu "Nipo," na kila asubuhi ilikuwa kofi. Halafu yeye akaitikia la Sandrine, na hilo nalo lilikuwa kofi, ila hilo alijipiga mwenyewe. Wenzake wakaanza kusema Mama Bonheur ameota kiburi huko Ulaya, haimbi, hapigi picha. Mama Jolie alimtania kwamba labda anataka kubaki aolewe na Adriano. Alimjibu neno ambalo halisemwi kwenye hija.

Assisi, siku ya tano, kikundi kilipewa saa moja ya kununua zawadi. Spés alimfuata kwenye kiwanja chini ya kanisa, akasimama mbele yake kama mtu anayengoja hukumu.

"Dada, useme unachotaka."

"Usiniite dada. Bon. Minataka twende kwa avoka, ule mwanasheria ya Louisville, weye na miye. Useme: Nzigire ni huyu, Bonheur ni mutoto ya huyu. Miye nitasema yangu ya Sandrine. Yote kwa meza."

"Watanirudisha."

"Barudishe!"

"Na Irakoze?" Spés alikuwa sasa analia waziwazi, watalii wakipita na aiskrimu zao. "Nina uraia kwa jina hilo. Watoto wangu wamekua humo. Irakoze ana mke, ana binti wawili, ni muuguzi hospitali. Yeye alikuwa na miaka kumi na saba tu, hakuchagua."

Mama Bonheur akaanza kuhesabu. Faili yake ilikuwa na mama na watoto wanne. Wa kwanza, mvulana, miaka kumi na minane.

"Irakoze," alisema polepole, "kwa karatasi ni nani?"

Spés alipangusa machozi kwa ncha ya kitenge.

"Minauliza. Kule hospitali, kwa kifua, kile kikadi kinaandikwa nani?"

"Bonheur," alisema Spés. "Bonheur Balagizi."

Hapo ndipo Mama Bonheur alipopiga. Hakufikiri, mkono ulikwenda wenyewe, kofi moja lililosikika mpaka kwenye maduka, na mzee mmoja Mwitaliano akainuka kutoka kwenye benchi. Bonheur wake alitaka sana kusoma. Bonheur wake anachoma makaa, anayauza kwa kujificha, na juzi alimwonyesha kwenye simu kidole kilichoungua, anacheka, anamwambia, Mama, usilie, ni kidole tu. Na Bonheur mwingine, mwenye shahada, anapita wodini Buffalo na jina hilo kifuani, watu wanamwita, anaitika!

Spés alishika shavu lake. Hakuondoka.

"Nipe mpaka Columbus," alisema. "Niongee na mwanangu kwanza. Siku tutakapopewa vyeti vya hija utanijua mimi ni mtu gani."

"Miye nakujua tayari," alisema Mama Bonheur.

Wala hakumwamini. Jumapili ya tatu baada ya kurudi, kwenye gari kutoka Louisville, alikuwa amejiapiza: huyo mwizi akipokea cheti, atasema yote ukumbini mbele ya watu, na kama ni kuzama, wazame pamoja. Alishamwambia Bonheur kwenye simu. Bonheur akamjibu, "Mama, fanya unachoweza."

Ukumbi ulikuwa wa parokia moja ya Columbus, karibu na chuo kikuu, na ulikuwa umejaa. Sisi tunapenda cheti, tuseme ukweli. Mtu akihudhuria semina ya siku mbili anataka cheti, sembuse Roma. Kampuni ya safari ilikuwa imechapa vyeti ishirini na sita, karatasi nzito yenye mhuri wa dhahabu, kila kimoja na jina kama lilivyo kwenye hati ya kusafiria, na Zihindula alikuwa amevaa suti ya tatu, ile nyeupe. Mahujaji waliketi mbele, wote kwenye kitenge cha njiwa. Nyuma walikaa jamaa, watoto, sufuria za pilau. Kando ya ukuta alisimama mwanamume mnene wa miaka thelathini na kidogo, mwenye sura ya Spés, simu juu, akirekodi video. Mama Bonheur hakuhitaji kuambiwa ni nani. Aligeuza uso asije akamrukia.

Zihindula aliita. Watu wakainuka, wakapokea, vigelegele, picha. Akafika kwenye jina lile.

"Nzigire Balagizi! Mama yetu ya Buffalo!"

Vigelegele vikapigwa. Spés hakuinuka.

"Nzigire Balagizi! Mama Irakoze, unalala? Ni weye, kuja."

Spés alisimama mahali pake, akishika kiti cha mbele kwa mikono miwili. Alikuwa mdogo sana ndani ya kile kitenge. Alimtazama mwanawe ukutani, na yule mwanamume akashusha simu taratibu, akatikisa kichwa kukubali.

"Si mimi," alisema Spés. "Mimi naitwa Spés. Jina hilo nililichukua kambini. Mwenyewe yuko hai, ndiye yule pale wa Louisville. Na Jumanne nitakuwa kwa mwanasheria wake. Mmenisikia wote, nikigeuka mtanikumbusha."

Mama Jolie alifunika mdomo. Zihindula alikuwa ameshika cheti hewani, mdomo wazi, na kwa mara ya kwanza tangu tumjue hakuwa na la kuamrisha.

Mama Bonheur aliinuka. Magoti yalimuuma. Alipita mbele ya Spés bila kumgusa, akasimama.

"Sikusamehe," alimwambia, na kila mtu alisikia. "Usidanganyike."

"Sikuomba," alisema Spés.

Akaenda mbele, akakichukua cheti mkononi mwa Zihindula, akakisoma. Miaka kumi na tano hakuwahi kuona jina lake limeandikwa popote. Hakulia. Hasira ilikuwa ingali imejaa kifuani, haikupungua hata kidogo, ila sasa ilikuwa na mahali pa kwenda Jumanne. Hakupiga picha. Alikuwa anarudi kitini pake.

Zihindula, kwa kutojua afanye nini, alifanya alilolizoea. Alichukua cheti kilichofuata, akasoma kwa sauti ya chini.

"Sandrine Balagizi."

Hakuna aliyejibu. Akatazama watu, akatazama karatasi, akaita tena.

"Sandrine Balagizi?"

Mama Bonheur aligeuka.

"Huyo hakuna," alisema. "Alikufa kambini, akiwa na miaka kumi na tisa. Iyo misa ya marehemu munayoomba kule Buffalo kila Novemba, sasa mumuombee yeye."